Alama za Vidole Kwenye Majivu

Waliopokea habari hii kutoka kwa waliotutangulia katika imani husimulia kwamba, zamani za wasomaji wa kwanza, alikuwako katika milima ya Upare mama mmoja mcha Mungu, jina lake Marita. Wakati huo Wakristo waliitwa wasomaji, kwa sababu walikutana kila jioni kujifunza kulisoma Neno, nao walikuwa wamejenga nyumba zao karibu karibu kwenye mteremko mmoja ili watiane moyo. Mume wa Marita, Anaeli, alikuwa mtu wa nyuki. Msimu wa asali ulipofika aliingia msituni na kukaa huko mpaka mitungi ijae. Hivyo malezi ya watoto wao wawili, Elieneza na mdogo wake wa kike, Navoneiwa, yalikuwa zaidi mikononi mwa mama yao.

Na yalikuwa mikononi kwelikweli, maana Marita aliwafundisha wanawe kanuni za nyumba kwa vidole. Kidole gumba kilikuwa cha sala: mtu asitoke nje asubuhi kabla ya kusali. Cha shahada kilikuwa cha kusema kweli. Cha kati kilikuwa cha kutii mara moja bila kununa, na cha pete cha kutogusa kitu cha mwenzako. Cha mwisho, kile kidogo, kilikuwa cha moto.

Hicho cha moto yafaa nikieleze, kwa kuwa sisi leo tuna viberiti. Enzi hizo moto haukuzimwa. Aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu kilichovunjika, akatandaza majivu juu yake, akapewa makaa mawili matatu, akarudi nayo kwake. Lakini mioto mingine ilikuwa ya tambiko, na wasomaji kadhaa waliokwenda kuomba makaa kwenye nyumba hizo walikaribishwa wakae, wakaonjeshwa vya tambiko, na mwisho wakarudia mambo waliyoyaacha. Kwa hiyo wazee wa kanisa wakaweka kanuni: moto wa msomaji usiende kwenye nyumba ya tambiko, wala wa huko usije huku. Ilikuwa kanuni ya nia njema, na kila mama aliitia jikoni kwake.

Marita alikuwa na moyo laini, lakini alikuwa na hofu. Alipobatizwa, ndugu zake walimcheka. "Watoto wasiojua tambiko watakuwa kama mbuzi wasio na mchungaji," walimwambia. Basi adabu ya wanawe ikawa jibu lake. Kila jioni aliwaketisha, wakainua mikono, wakavitaja vidole kimoja baada ya kingine bila kukosea. Mwalimu Yeremia, aliyelitunza kanisa lile dogo, aliwataja mbele ya watu: "Mkitaka kuona watoto, nendeni kwa Mama Elieneza." Nao wote wawili walikuwa wamekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watakaobatizwa pindi mchungaji atakapopanda mlimani, kama alivyopanda mara moja kila mwaka, baridi ikianza kupungua. Marita aliingoja siku hiyo kama mkulima angojavyo mvua.

Sasa, asubuhi moja ya kipupwe, Anaeli akiwa msituni, Marita aliinama jikoni kuufukua moto, akaona jambo. Desturi yake ilikuwa kuyakusanya makaa jioni ubavuni mwa gogo gumu, kuyafunika kwa majivu, na kuyapigapiga majivu yale kwa mgongo wa mwiko mpaka yawe laini. Asubuhi hiyo hayakuwa laini. Yalikuwa na mifereji midogo, kama yamefunikwa kwa kiganja, na makaa chini yake yalikuwa yamepungua. Akaweka mkono wake juu ya alama zile. Mkono wake ulikuwa mkubwa zaidi.

Walipoketi kunywa uji aliuliza, "Nani amegusa moto?"

"Si mimi, mama," alisema Elieneza, akatabasamu ndani ya bakuli lake.

Navoneiwa akasema, "Mimi nilipouangalia nimeukuta umefunikwa, mama."

Marita aliyageuza maneno yale siku nzima huku akipalilia maharage. Yalikuwa kweli, kila neno. Lakini hayakuwa jibu. Mtoto wake amejifunza wapi kusema kweli isiyojibu? Na moto anaupeleka wapi? Mtu mwingine angemaliza shauri kwa fimbo siku ile ile, ila Marita tangu utoto wake alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alikuwa wa kupasua tunda la porini ili aone limejipangaje ndani. Udadisi huo Mwenyezi Mungu alimpa kwa sababu, kama tutakavyoona.

Alfajiri iliyofuata alijilaza kama aliyelala, shuka mpaka puani. Akamsikia Navoneiwa akiamka, majivu yakifukuliwa taratibu, mlango ukifunguliwa kwa subira ili usilie. Akamfuata. Njiani, pasipo kufikiri sana, akavunja fimbo kwenye uzio.

Ukungu ulikuwa mzito. Mtoto alitembea ubavu ubavu, mgongo kwenye upepo, kigae kifuani, mara kwa mara akisimama kuyapulizia makaa. Akakatiza shamba la viazi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha Nambago.

Huyu Nambago alikuwa ajuza aliyeshika tambiko mpaka mwisho. Siku Marita alipotoka kubatizwa, ni Nambago aliyesimama njiani na kummwagia majivu kichwani mbele ya watu wote. Mwanawe alikuwa amehamia tambarare, na nyumba ya mwisho iliyokuwa ikimpa moto ilibatizwa wakati wa mavuno. Tangu hapo, kila jiko lililomzunguka lilikuwa na kanuni.

"Hodi, bibi," Navoneiwa alisema kwa sauti ya chini.

"Kama ni mchawi, ingia. Kama ni msomaji, rudi kwenu!"

"Ni mimi."

"Aa, mwizi wangu wa moto! Ingia basi, unaniingizia umande."

Marita akasogea ukutani, jicho lake kwenye ufa wa udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umechelewa. Miguu yangu ilikwisha kuanza kuniaga."

"Mama alikuwa anageukageuka usingizini, nikaogopa."

"Mama yako hugeuka?" Ajuza alicheka kwa kukohoa. "Nilidhani hulala amenyooka kama kanuni zake."

Navoneiwa naye akacheka. Marita alihisi kicheko kile kama mwiba, kwa kuwa hakuwa amemsikia mwanawe akicheka hivyo siku nyingi. Kisha akaiona mikono ya Nambago. Baridi yabisi ilikuwa imeikunja kama mizizi ya mti wa mwambani. Haikuweza kushika kijiti wala kupekecha moto, wala kuutunza usizimike usiku. Mtoto aliyaweka makaa kati ya mafiga, akapanga vijiti, akapuliza mpaka mwale ukainuka. Halafu, bila kuambiwa, akaichukua ile mikono na kuisugua kati ya viganja vyake, polepole, kama mtu anayepasha yai.

Marita alirudi nyumbani haraka, fimbo ingali mkononi. Akamkuta Elieneza ameamka, ameketi karibu na jiko, anangoja.

"Umemwona, mama?"

"Kumbe wewe ulijua?"

"Tangu mwezi ulipoandama. Sikusema ili isiwe umbea. Nilijua utaona mwenyewe."

"Wala hukumfuata?"

"Mimi? Nitoke nje kabla ya sala?" Akainua kidole gumba.

Hapo Marita angeweza kumsifu, kama alivyozoea. Badala yake akamwuliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtoto yeyote. Lilitoka tu, kwa ule udadisi wake. "Elieneza, ulipomwona mdogo wako anautoa moto, moyoni mwako ulisikia nini?"

Kijana alifikiri. Akakitazama kidole chake cha pili, cha kusema kweli.

"Nilifurahi, mama."

"Ulifurahia nini, mwanangu?"

"Kwa sababu nilijua utamchapa. Na mimi sitachapwa."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa adabu, kama anayekariri somo analolijua vizuri. Na Marita akaona baridi ikimpanda toka miguuni, kali kuliko ile ya ukungu. Mtoto huyu hakuwa amevunja kanuni hata moja. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa vizima. Marita alikuwa ameufuata ugonjwa mpaka kwenye kibanda cha watu, na kumbe ulikuwa umeketi jikoni kwake, umenyamaza, umenawa uso.

Mlango ukafunguka. Navoneiwa akaingia na kigae kitupu. Akamwona mama, akaiona fimbo. Akakiweka kigae chini, akanyosha mkono wake kupokea kipigo.

"Kwa nini hukuniomba ruhusa?" Marita aliuliza.

"Ungekataa, mama. Na ukikataa nikaenda, navunja kidole cha kati. Nisipokuomba, navunja cha moto tu."

"Na cha sala?"

"Nasali njiani."

"Na cha kusema kweli?"

Mtoto aliinamisha kichwa. "Hicho nimekipinda, mama. Sikukivunja."

Marita hakujua acheke au alie. Kumbe alikuwa amewafundisha kuhesabu, nao wakawa mafundi wa hesabu, mmoja akihesabu ili apite, mwingine ili amshinde mwenzake.

"Ulianzaje kwenda kule?"

"Nilipita na maji nikamsikia anaita mlangoni. 'Moto, jamani, moto.' Kila aliyepita alimwambia, 'Pole, bibi,' akaenda zake." Kisha akaongeza, "Hata wewe ulipita, mama. Ulisema pole."

Ni kweli. Marita aliikumbuka siku ile. Alikumbuka hata jinsi alivyojiona amefanya vema kumsemesha kwa upole mtu aliyemmwagia majivu. Akaitazama fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Moto ulikuwa hafifu na unahitaji kuni, basi akaivunja vipande na kuichomeka jikoni.

"Kumpelekea makaa, hukukosea kwangu," alimwambia Navoneiwa. "Ila ulinificha, na kile kidole ulichokipinda tutakinyosha pamoja, mimi na wewe, maana nadhani mimi ndiye niliyekufundisha kukiogopa." Kisha akamvuta Elieneza akamketisha upande wa pili.

Siku hiyo jaribu kubwa lilimjia. Hakuna aliyejua isipokuwa wao. Akinyamaza, watoto watabatizwa wote wawili na jina lake litabaki safi. Lakini atanyoshaje kidole cha mtoto kwa mkono uliopinda? Akajitanda nguo yake, akaenda kwa Mwalimu Yeremia, akamweleza yote bila kujipunguzia.

Mwalimu alisikiliza, akajikuna ndevu. "Mama Elieneza, nyumba yako! Nyumba niliyoitolea mfano!"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu. Itolee mfano mwingine."

Wazee walikutana. Kuhusu moto walibishana mpaka jua likapinda wasiafikiane. Kuhusu mtoto waliafikiana: amekiuka kanuni kwa siri akiwa katika mafundisho, basi asubiri mpaka mchungaji atakapokuja mwaka mwingine. Elieneza, ambaye hakuwa na kosa, abatizwe. Marita akainuka kwa heshima, akasema, "Nimepokea. Ila mnapoendelea kubishana, mimi nitapeleka makaa, kwa kuwa yule bibi ana baridi leo. Mkinitenga kwa hilo, nitakaa mlangoni mwa kanisa niusikilize wimbo."

Navoneiwa alilia sana, kwa kuwa ubatizo aliutamani kweli. Mama yake alimpakata mpaka alipolala.

Asubuhi iliyofuata wakaenda, mama na Navoneiwa, wazi wazi, kigae mkononi mwa Marita.

"Leo mmekuja na jeshi!" Nambago alisema. "Mnataka kunibatiza kwa makaa?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukwambia pole, maana ile ya kwanza haikuwa na moto."

Ajuza akasema, "Mimi nilikumwagia majivu, wewe unaniletea makaa. Hujui kulipiza kisasi, msomaji. Kaa hapo, nikufundishe." Na wakacheka, wote watatu.

Lakini moyo wa Elieneza ndio uliokuwa mzigo wa Marita. Angeweza kumwamuru abebe kigae, naye angekibeba mara moja bila kununa, na moyo wake ungebaki pale pale, na sifa moja zaidi juu yake. Hilo Marita alilijua sasa. Basi hakumwamuru. Jioni, badala ya kuvitaja vidole tu, alianza kuwauliza wanawe, "Moyo wako umeshindaje leo?"

"Vizuri," Elieneza alijibu kila mara, kama mtu anayefunga mlango.

Marita hakuusukuma mlango ule. Alianza kusimulia habari za moyo wake mwenyewe. "Leo mimi nimemwonea wivu jirani yetu Mama Anasieli kwa maharage yake. Nikamwambia yamejaa wadudu, nayo hayana hata mmoja. Kesho nitakwenda kumwambia." Watoto walishangaa. Hawakujua kwamba mama naye ana moyo wa namna hiyo. Akamwomba Mola, akasubiri. Siku zikapita, na Elieneza akaanza kuuliza vitu vidogo vidogo. "Bibi Nambago ana meno?" "Kwa nini mikono yake haifunguki?" "Na sisi tusipokwenda, huwa anafanyaje?" Marita alimjibu alichoulizwa, hakuongeza hata neno la mafundisho, ijapokuwa ulimi ulimwasha.

Asubuhi moja aliamka akakuta kigae hakipo. Navoneiwa alikuwa bado usingizini. Kwenye majivu kulikuwa na alama za vidole, kubwa kuliko zile za kwanza. Marita alitaka sana kukimbia akaone. Akaikalia mikono yake, akangoja.

Elieneza alirudi, kigae kitupu, kidole chake cha mwisho kimebabuka kwa kaa lililoteleza. Marita akachukua asali, akampaka.

"Moyoni umesikia nini, mwanangu?"

"Sijui linaitwaje." Akautazama mkono wake mwingine. "Alinishika, mama. Mikono yake ni baridi. Ni baridi sana. Na mimi nilijua siku zote zile, nikawa nakaa hapa karibu na jiko." Akalia kama mtoto mdogo, na mama yake akamwacha alie, kwa sababu machozi yale alikuwa ameyangoja kwa hamu zaidi kuliko ubatizo.

Siku chache kabla ya mchungaji kufika, Mwalimu Yeremia alikuja kwa Marita, akakaa kwenye kigoda, akakataa hata uji.

"Mama Elieneza, mwanao amenijia na swali. Ameniuliza: mtu akifurahi mwenzake akienda kuchapwa, hiyo ni kanuni ya kidole gani?"

"Nawe ulimjibu nini, Mwalimu?"

"Nimehesabu vidole vyangu vyote sikuiona." Alivitazama tena, kama huenda aliruka kimoja. "Akaniambia nimtoe kati ya watakaobatizwa. Anasema mdogo wake anasubirishwa kwa kosa dogo, na yeye ana kubwa lisilo na kidole. Atamngoja. Nimekuja nikuulize nimjibuje, maana mimi nilikuwa nikisikia kanuni zikikaririwa na kusema mioyo ni mizuri, na sijawahi kumwuliza mtoto hata mmoja swali kama hilo."

"Mwache angoje," Marita alisema taratibu. "Nadhani ubatizo umekwisha kumwanzia."

Husemwa kwamba mwaka uliofuata walibatizwa siku moja, kaka na dada, wameshikana mikono. Kanuni ya moto haikufutwa wala haikuandikwa upya; watu waliacha tu kuitaja, na kibanda cha Nambago hakikukosa makaa mpaka alipofariki. Kama mwishowe alimwamini Mwokozi au la, waliosimulia hawakusema, nami siwezi kuongeza.

Akina mama wenzangu, kanuni ni uzio, na shamba linahitaji uzio. Lakini uzio hauoti mahindi. Mtoto aweza kukaa ndani yake, ametulia, amenyamaza, moyo wake ukawa mkavu nasi tukapita tukisifu jinsi miti ya uzio ilivyonyooka. Tuwaulize watoto wetu habari za mioyo yao, na tuwe tayari kuwasimulia za mioyo yetu. Yeye aliyeiumba mioyo ndiye ajuaye kuipasha moto. Sisi tumepewa kigae tu, na pumzi kidogo ya kupuliza.